Baridi ya Mvunguni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya sheria moja ya Chama cha Wapanda Milima. Sheria hiyo yasema kwamba hakuna mwanafunzi atakayekwenda Mlima Elgon mwezi wa Desemba asipokuwa na mfuko wake mwenyewe wa kulalia, ulionunuliwa dukani, wa kustahimili baridi kali. Mimi naona sheria hiyo si ya haki, na zaidi ya hayo haitaiondoa hatari iliyokusudiwa kuondolewa. Wengine watashangaa kusikia maneno haya kutoka kwangu, maana ndimi katibu wa chama, na sheria yenyewe niliiandika kwa mkono wangu. Ndiyo sababu naona ni wajibu wangu kuwa wa kwanza kuipinga.

Kwa faida ya wanafunzi wa zamani wasio na habari, nitaeleza kwanza jinsi mambo yalivyotokea.

Mwaka jana mmoja wenu alitukumbuka, akatuletea bembea sita za kulalia. Ni vitambaa vyepesi vya nailoni. Hufungwa kamba pande zote mbili na kutundikwa baina ya miti, na mtu hulala ndani kama samaki katika wavu. Tulifurahi sana, kwa kuwa bembea haihitaji mahali palipo sawa, wala maji ya mvua yanayotiririka chini hayamlowezi aliyelala. Basi mwezi wa Desemba tukaondoka wavulana kumi na wawili pamoja na mwalimu wetu. Tulipita Bungoma na Kitale hadi Endebess, tukaingia hifadhini kwa lango la Chorlim. Nia yetu ilikuwa kufika Koitobos, kilele cha upande wa Kenya chenye mita 4,222.

Usiku wa kwanza tulipiga kambi msituni, chini ya miti mikubwa ya podo. Sita walilala katika hema na sita katika bembea. Jioni kulikuwa na manyunyu, kisha mbingu ikatakata na upepo ukaanza kushuka kutoka juu. Kila mmoja alikuwa na mablanketi mawili ya bwenini, na sisi wa bembea tulijifunika yote mawili kwa juu, isipokuwa mtu mmoja ambaye nitamtaja baadaye.

Yapata saa nane za usiku mvulana wa Kidato cha Pili, aliyelala katika bembea ya pili kutoka yangu, alianza kuniita, "Kaka, kaka." Nilimwambia avumilie, kutakucha. Alipoita tena sauti yake ilikuwa imelegea kama ya mlevi, na maneno yake hayakufuatana. Nilikwenda nikamshika. Kifua chake chini ya mablanketi kilikuwa na joto kidogo, lakini mgongo ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na fulana aliyovaa ilikuwa bado imelowa jasho na manyunyu. Niliingiwa na hofu nikamwamsha mwalimu. Mwalimu alimvua ile fulana, akamvika nguo kavu, akamlaza hemani juu ya mifuko yetu ya mizigo baina ya wavulana wawili. Na alipoona kwamba aweza kumeza mwenyewe, akampa chai ya sukari kidogo kidogo. Mmoja wetu alisema kwa mzaha kwamba sasa bembea itakuwa machela ya kumbebea mgonjwa. Hakuna aliyecheka. Kulipokucha kipimajoto tulichoazima maabara kilionyesha digrii 6. Hatukuendelea na safari. Tulirudi Malaba bila kukanyaga kilele, lakini tulirudi watu wote, nasi twamshukuru Mungu.

Mtu yule niliyesema nitamtaja ni mimi. Usiku ule, kabla ya kuitwa, nilikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimetandika ndani ya bembea, chini ya mgongo wangu, gunia kavu, katoni mbili zilizokunjuliwa na blanketi moja. Blanketi la pili nikajifunika. Nilitandika gizani wenzangu wasione, maana nilijua watasema, "Tazameni, huyu amebeba maboksi ya Malaba mpaka mlimani."

Elimu hiyo sikuipata darasani. Waijuao Malaba wanaijua foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Mama yangu huuza chai na mandazi kando ya barabara, na wakati wa likizo huamka naye saa kumi alfajiri kuwapelekea madereva chupa za chai. Dereva hulala ndani ya kichwa cha lori; utingo, ambaye hapa kwetu twamwita tanboi, mara nyingi hulala chini ya tela. Alfajiri moja nilimkuta utingo mmoja, mtu mzima wa Mombasa, amelala juu ya katoni tabaka tatu, na juu amejifunika shuka moja tu. Nikamwuliza, "Mzee, shuka moja yakutosha kwa baridi hii?" Akajibu, "Ya pili ninayo, kijana, iko chini yangu. Baridi ya hapa haitoki mbinguni, yatoka kwenye lami. Ukitaka kulala, uvike mgongo kwanza."

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mvunguni mwa tela nikapata elimu ya kweli; lakini nilipofika kambini, mbele ya wenzangu wenye mifuko mizuri ya mgongoni, niliona haya kuitoa. Laiti ningaliwaambia jioni ile, tungalikusanya kila gunia na kila katoni, na huenda yule mdogo wetu asingalifikia hali ile. Badala yake tuliporudi tulikutana kwa haraka, bado tuna hofu, tukapitisha sheria ya kununua mifuko, nami nikaiandika. Kabla ya sheria hiyo majina ya waliotaka kwenda Desemba ijayo yalikuwa ishirini na moja. Sasa yamebaki sita.

Na tuitazame sababu ya baridi ile, maana jambo hili ni fizikia tuliyofundishwa. Blanketi halina joto lake lenyewe. Joto ni la mwili, na kazi ya blanketi ni kuishika hewa isitembee, kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Kwa hiyo kinachotukinga ni hewa iliyo ndani ya kitambaa, si uzito wa kitambaa chenyewe. Mtu akililalia blanketi, uzito wake huibana hewa ile ikatoka, likabaki kama karatasi. Nyumbani hatulioni jambo hili kwa sababu godoro hutufanyia kazi hiyo kimya kimya usiku kucha. Katika bembea hakuna godoro. Mvungu wake ni upepo mtupu, na upepo huo huchukua joto la mgongo tangu magharibi hadi alfajiri. Mtu aweza kujifunika mablanketi matano juu, na mgongo wake ukawa kama uko uchi.

Katoni na gunia zilinifaa mimi kwa sababu hazibanwi upesi. Lakini iko njia iliyo bora, ambayo wasafiri wa miguu wa Marekani wanaolala katika bembea huitumia sana: mfarishi, yaani blanketi lililojazwa na kushonwa mistari, hufungwa kwa nje, chini ya bembea, ukaning'inia pasipo kulaliwa. Kwa kuwa haubanwi na mtu, hubaki umefura na kuishika hewa yake.

Mimi na wenzangu watatu tulilijaribu jambo hili nyuma ya bweni, katika miembe miwili, kwa usiku nne, tukibadilishana zamu. Aliyejifunika mablanketi mawili juu pasipo kitu chini aliamka kwa baridi kila mara kabla ya saa kumi, hapa hapa Malaba tusipodhani kuwa pana baridi. Aliyefunga moja kwa nje chini ya bembea na kujifunika la pili alilala mpaka kengele. Mablanketi yalikuwa yale yale mawili ya shule, tena ya uzito ule ule; tulibadili mahali pake tu.

Sasa nirudi kwenye sheria. Mifuko ya kulalia ya dukani ni mizuri, sikatai. Lakini tarakimu zilizoandikwa juu yake zataka kusomwa kwa akili. Kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 23537, kilichotolewa kwanza mwaka 2016, hutumia sanamu yenye joto kama la mtu, ikavishwa nguo na kulazwa ndani ya mfuko juu ya godoro jembamba la kuzuia baridi. Maana yake ni kwamba tarakimu ile ni ya mfuko pamoja na godoro. Ukiutia mfuko huo katika bembea pasipo kitu chini, tarakimu haikuhusu tena. Pia huandikwa tarakimu zaidi ya moja: iko ya kulala kwa raha, iko ya mwisho wa kuvumilia, na iko ya hatari, ambayo yakaribia kusema tu kwamba mtu hatakufa usiku huo. Anayenunua mfuko wa mitumba akaifurahia tarakimu iliyo ya chini kabisa, huenda ameisoma ya hatari akidhani ni ya raha. Basi kwa sheria yetu tajiri atapita na mfuko wake wa fedha nyingi, naye ataganda mgongo vile vile. Na maskini, ambaye angeweza kulala salama kwa blanketi moja chini na moja juu, ataachwa nyumbani.

Huenda msomaji akauliza, je, twajuaje kiasi cha kufunga? Hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida hewa hupoa kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Malaba iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na Wagagai, kilele kikubwa cha Elgon kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Tofauti ni kama mita 3,100, yaani digrii 20. Ikiwa alfajiri hapa ni digrii 17, huko juu ni kama digrii 3 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Kila mtu na aifanye hesabu hiyo kwa mahali atakapolala, kisha aongeze akiba, kwa maana mtu aliyechoka, mwenye njaa au aliyelowa huona baridi kuliko hesabu. Nguo zilizolowa na zivuliwe kabla ya kulala, hata kama mtu aona uvivu. Hilo peke yake lingalimsaidia sana mwenzetu.

Tena ijulikane kwamba bembea ni ya msituni tu. Ukipita msitu na mianzi wafika nyanda za juu penye majani na miti ile ya ajabu ya dendrosenesio, ambayo haifai kufungwa kamba, wala haifai kuumizwa. Huko hulaliwa chini, hemani, na hapo mfarishi wa chini wataka kuwekewa kitu kigumu, kama godoro jembamba la sponji ngumu au magunia makavu, maana ukiulalia wenyewe utabanwa kama blanketi jingine lolote. Hatuwezi kutegemea kukata majani ya kutandika. Hifadhini si ruhusa.

Wako wasemao kwamba tulale mapangoni kama watu wa kale. Ni kweli kwamba Joseph Thomson, alipopita Elgon mwaka 1883, aliwakuta watu wakikaa mapangoni pamoja na mifugo yao. Lakini mwaka 1980, na tena mwaka 1987, wageni wawili waliokuwa wametembelea pango la Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, nayo ni homa ambayo wataalamu wamegundua kwamba hukaa katika popo walao matunda. Afadhali bembea.

Wako pia wasemao kwamba mlima ni wa wakakamavu, na asiyeweza kuvumilia baridi akae nyumbani. Hawa hupenda kututajia Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, mwezi wa Desemba 1961, na Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya mwezi wa Desemba 1963. Mimi nawaheshimu watu hao kama mwingine yeyote. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepanda peke yake. Kila mmoja alikuwa na wenziwe. Ukakamavu wa kumwacha mdogo wako agande ili aonekane mwanamume, huo mimi siujui.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya wale wasemao kwamba mali ya wote ni mali ya hakuna: vitu vya chama vitapotea, vitachafuka, na panya watavila. Hoja hiyo naikubali kwa sehemu. Lakini jezi za mpira ni za wote, na mwisho wa muhula zote huhesabiwa na kufuliwa. Isitoshe, mfano tunao. Kule Moshi lipo shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, lililoanzishwa mwaka 2003, ambalo huwaazima wapagazi mavazi ya baridi bila malipo, kisha huyapokea tena. Kama jambo hilo lawezekana kwa wapagazi wa mlima mkubwa kuliko yote Afrika, haliwezi kutushinda sisi wenye bembea sita.

Basi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, sheria ya mfuko wa dukani ifutwe. Mahali pake iandikwe kwamba hakuna atakayelala mlimani, katika bembea au chini, asiyekuwa na kinga kavu chini yake na kinga kavu juu yake, na mwalimu azikague zote mbili kabla hatujaondoka Malaba. Haidhuru imenunuliwa wapi.

Pili, chama kishone mifarishi sita ya chini, mmoja kwa kila bembea, iwe mali ya chama. Fundi wa sokoni ameniambia kwamba duveti moja kubwa ya mitumba yaweza kukatwa ikatoa mbili. Kila kipande kitoshe tangu mabegani hadi chini ya magoti. Pembeni kishonwe upindo wa kupitishia kamba, na kwa nje kitiwe kitambaa cha nailoni kisichopitisha upepo. Kijazo kiwe cha poliesta. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto kuliko poliesta, lakini yakilowa hulala yakawa kama uji, na Elgon ni mlima wa mvua. Mfarishi ufungwe uguse bembea bila kukazwa: ukilegea upepo hupita katikati, ukikazwa mno hubanwa tukawa tumerudi pale pale. Juu ya yote litandazwe turubai.

Tatu, kwa kuwa bembea ni sita, twende kwa zamu, na zamu ipigiwe kura katika majina yote ishirini na moja. Ni kweli wengi watangoja. Lakini ni heri kungoja zamu yako kuliko kufutwa jina kwa sababu baba hana fedha za mfuko.

Kwenu wanafunzi wa zamani ombi langu ni dogo. Msitununulie mifuko ya bei kubwa. Mtakapokuja siku ya mkutano wenu wa mwaka, kila awezaye na alete duveti moja iliyotumika, au kipande cha nailoni, au sponji ngumu iliyobaki katika ujenzi. Na mlio madereva, matingo, mafundi cherehani na mawakala hapo mpakani, njoni mtufundishe. Mnajua mengi juu ya kulala nje kuliko sisi wenye vitabu.

Mkutano wa chama utakuwa katika juma la pili la muhula ujao. Nitasimama kuomba sheria niliyoiandika ifutwe, na nitaomba kwanza radhi mbele ya wote kwa lile gunia nililolificha. Yule mvulana wa Kidato cha Pili ni mmoja wa waliofutwa majina. Juzi alinijia bwenini akaniuliza, "Kaka, nikipata gunia langu, nitaruhusiwa kwenda?" Sikuwa na jibu. Nawaomba wanachama wanisaidie kumjibu.

Wenu katika kazi ya shule,
Katibu, Chama cha Wapanda Milima,
Kidato cha Nne.